Makorokoro, Mapagale na Hesabu ya Kustaafu Mapema

Joe Dominguez aliacha kazi Wall Street mwaka 1969 akiwa na miaka 31, na tangu hapo mpaka alipofariki mwaka 1997 hakufanya tena kazi ya kulipwa. Hakuwa amerithi mali wala kushinda bahati nasibu. Alikuwa mchambuzi wa masoko ya fedha aliyedunduliza sehemu kubwa ya mshahara wake, akanunua hatifungani za serikali ya Marekani, kisha akajizoeza kuishi kwa riba. Kitabu alichoandika na mwenzake Vicki Robin, Your Money or Your Life, kilitoka mwaka 1992, na mengi yanayosemwa leo kuhusu kustaafu ukiwa bado na nguvu yana asili yake humo: punguza vitu, bana matumizi, jenga akiba, ondoka.

Mafundisho hayo yametufikia kupitia simu za mkononi. Kijana wa benki Dar es Salaam anayasikia, mwalimu wa Kisumu naye anayasikia. Wapo wanaoyapokea kama wokovu na wapo wanaoyacheka, wakisema ni mambo ya watu wasio na wajomba. Kila upande una jambo ulilolishika. Ila kabla ya kuchagua pa kusimama ni vizuri kuifungua hesabu yenyewe, maana ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa kifurushi kimoja ambayo hayapatani kama tunavyoambiwa.

Hesabu ni fupi. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa California, William Bengen, alipekua takwimu za masoko ya Marekani kuanzia 1926 ili ajue mstaafu mwenye hisa na hatifungani anaweza kuchota kiasi gani kila mwaka bila kuishiwa ndani ya miaka 30. Akapata asilimia 4 ya mtaji alioanza nao, kiasi hicho kikipandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Mwaka 1998 wahadhiri watatu wa Trinity University, Texas, wakafika karibu na hapo hapo. Ukiigeuza, maana yake ni kwamba mwenye akiba mara 25 ya matumizi yake ya mwaka anaweza kufunga virago. Hapo ndipo nguvu ya kubana matumizi inapoonekana. Shilingi usiyoitumia mwaka huu inaingia kwenye akiba, na ukizoea kuishi bila hiyo shilingi, lengo lako lote limepungua kwa shilingi 25.

Pete Adeney, mhandisi wa programu mzaliwa wa Kanada anayeishi Longmont, Colorado, na anayeandika kwa jina la Mr. Money Mustache, ndiye aliyeipa hesabu hii umaarufu wa mitaani. Aliacha kazi mwaka 2005 akiwa na miaka 30, na familia yake ya watu watatu ikaishi kwa takriban dola 25,000 kwa mwaka katika nyumba isiyodaiwa. Anachosisitiza ni kwamba ukubwa wa mshahara si kitu, kitu ni sehemu inayobaki. Mtaji ukikua kwa asilimia 5 juu ya mfumuko wa bei, anayeweka akiba asilimia 10 ya kipato atafanya kazi miaka 51 kabla hajafikia mara 25. Anayeweka nusu atafika kabla ya miaka 17. Hesabu haina ujanja wowote, yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuirudia.

Mchango wa Dominguez mwenyewe ulikuwa mwingine, na kwa maoni yangu ndio unaosafiri vizuri zaidi kuvuka bahari. Alimtaka mtu akadirie mshahara wake halisi wa saa, akiingiza muda na fedha zote ambazo kazi humlia. Tuchukue mfanyakazi wa ofisini anayekaa Kibaha na kufanya kazi Posta, Dar es Salaam. Anapokea mkononi shilingi 1,200,000. Kwa siku 22 za saa tisa anajiona analipwa zaidi ya shilingi 6,000 kwa saa. Lakini anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa moja jioni. Hizo ni saa 14, mara 22, ni saa 308 kwa mwezi. Toa nauli, chakula cha mchana, nguo za ofisini, vocha za kupigia wateja na soda za kuliwazia uchovu, tuseme 250,000. Kilichobaki ukikigawa kwa saa hizo unapata kama shilingi 3,080. Runinga ya shilingi 1,800,000 anayoitamani dirishani Kariakoo ni saa 584. Ni kama siku 42 za kuamka gizani, karibu miezi miwili ya kazi, kabla hajanunua hata kilo ya sukari. Akiitaka bado, aichukue kwa amani. Wengi wakifika hapa huendelea na safari yao.

Sasa turudi kwenye kile kifurushi. Kubana matumizi na kupunguza vitu huhubiriwa pamoja kana kwamba ni pacha. Mwangalie Amy Dacyczyn, mama wa watoto sita wa Leeds katika jimbo la Maine, aliyetoa jarida la The Tightwad Gazette kuanzia 1990 hadi 1996. Yeye alikuwa bingwa wa kubana matumizi wa kizazi chake, na nyumba yake ilijaa. Nguo za watoto zilipangwa kwenye maboksi kwa saizi na umri, zikingoja mtoto anayefuata azifikie. Kopo, kamba, kipande cha mbao, kila kitu kilitunzwa kwa sababu kukinunua tena kungegharimu. Upande wa pili yupo Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014 na kuenea duniani kote, anayefundisha kushika kila kitu mkononi na kukiaga kile kisichokupa furaha. Kondo hakuwa anazungumzia fedha hasa. Ukimfuata na wiki ijayo ukahitaji ulichokiaga, utarudi dukani. Na mwaka 2023, baada ya kupata mtoto wa tatu, alisema hadharani kuwa nyumbani kwake amelegeza kamba kwa kiasi fulani. Sikumcheka, nilimheshimu zaidi.

Kwa hiyo anayetaka kustaafu mapema ana mabwana wawili. Mmoja anamwambia tunza, mwingine anamwambia ondoa. Nani asikilizwe? Jibu linategemea stoo yako iko wapi. Mtu wa Colorado au Tokyo akiondoa vitu nyumbani, duka ndilo linakuwa stoo yake: liko jirani, halikosi bidhaa, na mzigo unaletwa mpaka mlangoni. Maktaba ya mji inamtunzia vitabu, bomba linamtunzia maji, gridi inamtunzia moto wa kupikia. Sebule nyeupe yenye kiti kimoja na ua moja, ile tunayoonyeshwa kwenye picha, imesimama juu ya huduma za umma ambazo hazionekani pichani.

Ingia kwenye nyumba ya kawaida Kimara au Tabata uone tofauti. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna madumu sita ya lita 20, pipa lenye mfuniko, ndoo tatu zilizopachikana, na nje kuna simtanki. Kuna jiko la gesi, na chini ya meza kuna jiko la mkaa lililofunikwa gunia kwa ajili ya siku mtungi utakapoisha katikati ya maharage. Kuna taa ya kuchaji, mishumaa, na mfuko wa betri. Mgeni aliyesoma Kondo ataona makorokoro. Mwenye nyumba anaona wiki ya mgao wa maji. Vitu hivi ni bima, na ada yake imeshalipwa. Mstaafu anayeviondoa ili nyumba ipendeze atanunua maji kwa ndoo kutoka kwa mwenye mkokoteni, tena kwa bei ya siku ya shida.

Vipo pia vitu ambavyo ni bima ya mtaa mzima. Mke na mume waliobaki wawili tu nyumbani wanabishana jikoni:

"Mama Neema, haya masufuria makubwa ya nini siku hizi? Watoto wameshaondoka."

"Baba Neema, msiba ukidondoka hapa utawapikia watu kwenye kikaango?"

Mama Neema ana hoja ya kiuchumi, ingawa hakuitamka hivyo. Sufuria lake la kilo 20 za wali linazunguka mtaani mara kadhaa kwa mwaka. Kila linapotoka linarudi na deni la fadhila, na siku ya shida yake turubai, viti na mikono ya kuosha vyombo vitamjia bila malipo. Ukiliuza kwa fundi anayenunua vyuma chakavu utapata fedha ya siku moja na utakuwa umejitoa kwenye mzunguko uliokuwa ukikulinda.

Si kila kitu cha kabatini kina hoja hiyo, nakubali. Kabati la kioo lenye seti mbili za vyombo vya wageni ambao hawaji, viatu vya ofisini jozi nane, simu nne zilizokufa kwenye droo, makochi ya seti iliyotangulia yaliyorundikwa ukumbini, hayo ni makorokoro kweli. Uzuri ni kwamba kuyaondoa kwetu ni rahisi. Marekani mtu hukodi chumba cha kuhifadhia vitu ambavyo nyumba yake imeshindwa kuvimeza, na analipa kodi kila mwezi kwa ajili ya vitu asivyovigusa. Hapa kochi kuukuu lina mtu wake kabla hujalitoa nje: mpwa anayeanza maisha, dada wa kazi anayejenga kwao, shangazi kijijini. Ugumu pekee ni kwamba wote watatu wameshaliomba.

Lakini tusidanganyane. Vikombe havijamzuia mtu yeyote kustaafu. Hata ukiuza kila kilichomo sebuleni, fedha haifiki ada ya muhula mmoja katika shule nyingi za binafsi za mjini. Kitu kinastahili kuhukumiwa kwa kile kinachodai kila mwezi, na kwa mtaji ulioganda ndani yake. Kwa kipimo hicho orodha yetu haifanani na ya Wamarekani hata kidogo.

Chukua suala la kujifanyia kazi mwenyewe. Adeney na wenzake wanahimiza kukata nywele zako, kutengeneza bomba lako, kupaka rangi kuta zako. Kwao kuna mantiki, kwa sababu saa ya fundi ni ghali sana. Kwetu kazi ya mikono ni rahisi kuliko vifaa. Kinyozi, fundi viatu, fundi cherehani, mama wa kufua, wote ukiwajumlisha hawafiki gharama ya gari moja dogo lililotoka Japani likiwa tayari na miaka kumi. Gari ndilo linalokula: mafuta, bima, matairi, shoksi za barabara za vumbi, na fundi gereji anayesema kila mara kuwa ameona tatizo jingine. Anayejinyima chai ya mgahawani huku anaendesha gari la pili la familia anabana upande usiofaa. Ukiwa mstaafu, huna haja ya kufika popote saa mbili asubuhi, basi daladala ya saa nne yenye nafasi ni usafiri wa heshima kabisa.

Ada za shule ni kubwa zaidi ya gari. Tangu Januari 2016 shule za serikali Tanzania hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 msamaha huo ukafikishwa kidato cha tano na sita. Familia nyingi za mshahara hazikugeuka kuangalia. Sitawalaumu, nimeyaona madarasa ya watoto mia. Ninachosema ni kwamba mwenye watoto watatu kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza ameshaamua kuhusu kustaafu, hata kama hajui. Tarehe yake ni ile mtoto wa mwisho atakapomaliza. Ushauri wowote wa kupunguza vitu kabla ya hapo ni wa usafi wa nyumba tu.

Kisha kuna ndugu. Wanaoyacheka mafundisho ya Dominguez wanaanzia hapa, na wengi wao hawajui kwamba yeye mwenyewe hakuishi peke yake. Yeye, Robin na rafiki zao waliishi Seattle katika nyumba ya pamoja, wakigawana gharama na kazi. Unyenyekevu wa matumizi yao ulitokana na kula chungu kimoja, jambo ambalo sisi tumelirithi na tunalikimbia kwa kasi kila mshahara unapopanda. Tofauti ni kwamba wao walichaguana na kila mmoja alichangia. Ukoo hauchagui. Mchango wa harusi, wa msiba, wa matibabu ya baba mdogo, ada ya mtoto wa marehemu kaka, hivi haviingii kwenye jedwali la asilimia 4. Wala huwezi kuvifuta. Mtu anayestaafu akiwa na miaka 45 kisha akasema hana, hataaminika. Wataona ana muda na ana nyumba, watamwita mkono wa birika, na siku yake ikifika atahudhuriwa na watu wachache.

Njia niliyoiona ikifanya kazi ni ya wale wanaoingiza ndugu kwenye bajeti kama kodi, kwa kiwango kinachojulikana, na kuwatangulia badala ya kuwangoja. Wanachagua mtoto mmoja wa ukoo na kumsomesha mpaka mwisho, na jambo hilo linasemwa kwenye kikao cha familia mbele ya wazee. Anayekuja baadaye na ombi jingine anakuta mbele yake jambo linaloonekana. Kukataa kunakuwa na sababu ambayo hata shangazi anaweza kuitetea.

Sheria nayo ina yake ya kusema. Mmarekani anayestaafu mapema anatafuta daraja la kumfikisha kwenye ng'ambo inayojulikana: akifika 62 anaweza kuanza kuchukua Social Security, pensheni ya taifa, na akifika 65 anapata Medicare, bima ya afya ya wazee. Tanzania mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima 60. Kenya umri wa lazima kwa watumishi wa umma ulipandishwa kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, na wa hiari huanzia 50. Anayeondoka kabla ya hapo anaacha michango yake imefungiwa, na mjadala mrefu wa fao la kujitoa, yaani kulipwa michango yako unapoacha kazi kabla ya umri, umewafundisha wengi kwamba mlango huo si wa kutegemea.

Hata aliyefika umri hajui atapewa nini. Mwaka 2018, mifuko minne ya pensheni ya Tanzania, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ilipounganishwa kuwa mmoja, PSSSF, kanuni mpya zilitaka mstaafu alipwe asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo wakati wengi walizoea 50. Kilio kikasikika nchi nzima, na mwezi Desemba Rais John Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33, kisha mwaka 2024 baadhi ya wastaafu wakapandishiwa hadi 40. Mtu aliyepanga kumalizia nyumba kwa kiinua mgongo alilazimika kupanga upya mara tatu ndani ya miaka sita. Kwa anayejiandaa, funzo la kiutendaji ni kuichukulia pensheni kama nyongeza na kutoijengea ukuta wowote.

Bima ya afya inauma zaidi. Mtumishi wa umma wa Tanzania anayestaafu kwa mujibu wa sheria hubaki na huduma za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, yeye na mwenza wake. Anayejiondoa akiwa na miaka 42 anaiacha haki hiyo nyuma, na atajilipia mwenyewe kwenye umri ambao presha na sukari huanza kubisha hodi. Katika mipango yote ya kustaafu mapema niliyoonyeshwa, mstari huu ndio ulioandikwa kwa penseli.

Baada ya hayo yote, fedha yenyewe ikae wapi? Hapa ndipo hesabu ya Bengen inahitaji kuvuliwa koti lake la Kimarekani. Hatifungani ya miaka 25 ya serikali ya Tanzania ilianza mwaka 2021 kwa riba ya asilimia 15.95, na mwaka 2022 Benki Kuu ikaishusha hadi 12.56 kwa matoleo mapya ya wakati huo. Mwenye milioni 100 kwa riba hiyo ya pili anapata shilingi 12,560,000 kwa mwaka, zinazolipwa kwa awamu mbili, bila kodi. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4, anatakiwa kurudisha milioni 4 kila mwaka kwenye mtaji ili usiliwe na wakati. Zinabaki 8,560,000, karibu 713,000 kwa mwezi. Kanuni ya asilimia 4 ingempa 333,000 tu. Mtu wa Morogoro mwenye nyumba yake na mboga za uani anaweza kuishi kwa 713,000, ingawa hatanenepa.

Inavutia, mpaka ukumbuke kwamba mfumuko wa bei haukuahidi kukaa asilimia 4. Miaka ya 1980 Tanzania uliganda karibu na asilimia 30. Kenya mwaka 1993 ulifika asilimia 46. Mwaka 1985 dola moja kwa bei rasmi ilikuwa chini ya shilingi 20 za Tanzania, na mwaka 2024 ilivuka 2,600. Mfumuko ukipanda hadi asilimia 10 tu, mstaafu wetu mwenye milioni 100 anabaki na 2,560,000 za kutumia kwa mwaka, kama 213,000 kwa mwezi, akitaka mtaji wake usipungue. Hatifungani aliyoinunua haisikii bei za sokoni. Itaendelea kulipa kilekile kwa miaka 25.

Ndiyo maana wengi hugawa. Sehemu hatifungani, sehemu vipande vya UTT AMIS, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005 na kumruhusu mtu kuanza na kiasi kidogo, na sehemu vyumba vya kupangisha, kwa kuwa kodi ya chumba hupanda pamoja na bei ya unga. Wengine, kwa bahati mbaya, huongeza sehemu ya nne: mradi. Kustaafu kwetu kumeambatana na imani kwamba fedha isiyozunguka inaoza, na wauza ndoto wanaijua tarehe ya kutoka kwa mafao kuliko mhasibu. Kware walivuma Kenya kati ya 2013 na 2014, trei la mayai likauzwa kama dawa ya kila ugonjwa, na miezi michache baadaye soko likajaa mpaka wafugaji wakawala wenyewe. Matikiti, sungura, miche ya miti, hadithi inafanana. Mstaafu aliyetafuta maisha mepesi anajikuta na banda, mlinzi, na mfanyakazi anayempigia simu usiku kusema kuku watatu wamekufa.

Na mapagale je? Hapa ndipo mtaji wa tabaka la mishahara la Afrika Mashariki umelala, na sijui kwa nini washauri wetu wa fedha huyapita kimya. Zunguka pembezoni mwa mji wowote, Chanika, Kitengela, Usa River, utaona kuta zilizofika kwenye linta, madirisha matupu, mpapai umeota kwenye chumba kitakachokuwa sebule. Nyuma ya kila ukuta kuna mtu anayedunduliza: mwaka huu tofali, mwaka ujao nondo. Mfumo huu ulikuwa na busara yake. Mikopo ya nyumba ilikuwa adimu na ghali, shilingi ilikuwa inayeyuka, na tofali halikopwi na shemeji. Nyumba ya kwanza ikajengwa hivyo, na ikafaa.

Tatizo ni ile ya pili, mara nyingi kubwa kuliko ya kwanza, vyumba vitano vyenye choo ndani, iliyoanzwa wakati watoto wakiwa wadogo na itakayokamilika wakiwa wameoa. Tuseme ndani yake kuna milioni 30 ambazo hazileti hata senti, na kila mwaka inaomba: kibarua wa kufyeka, mlinzi, mbao za linta zilizoibwa, mzozo wa mpaka na jirani. Kumalizia kunataka milioni 40 nyingine. Ukiiuza kwa hasara, tuseme milioni 22, na kuweka kwenye hatifungani ya asilimia 12.56, unapata 2,763,200 kwa mwaka kuanzia mwaka wa kwanza. Ukichagua kuezeka vyumba viwili tu vya nyuma kwa milioni 8 na kuvipangisha kwa 60,000 kila kimoja, ni 1,440,000 kwa mwaka, asilimia 18 ya ulichoongeza, nayo itapanda kodi zikipanda. Njia ya pili ni nzuri kwenye karatasi, lakini inakuachia sehemu kubwa ya zile milioni 30 ikiwa kwenye kuta tupu za mbele, pamoja na wapangaji wa kufukuzana nao tarehe tano ya kila mwezi.

Kuuza kuna aibu yake. Pagale ni tangazo la maendeleo. Kulitoa ni kukiri mbele ya kijiji kwamba ulipima vibaya, na ndugu watauliza una shida gani. Pia huenda usiweze: hati haijatoka, kiwanja kilinunuliwa kwa karatasi ya serikali ya mtaa iliyosainiwa na mwenyekiti ambaye ameshafariki, au mwenzako ana haki ya kukataa na anakataa. Kwa hiyo anayetaka kupunguza mali kabla ya kustaafu aanze na faili. Atoe mikataba, risiti za kodi ya ardhi, ramani, barua za ofa, avipange kwa kiwanja, na aone kipi kinauzika leo na kipi kinahitaji miaka miwili ya kwenda na kurudi ofisi ya ardhi. Safari hizo ni rahisi ukiwa na mshahara.

Mimi ningeuza pagale hilo la pili miaka mitatu kabla ya barua ya kuacha kazi. Mnunuzi wa pagale ni mtu mwenye subira, hupita jioni na rafiki yake fundi, hugonga kuta, huuliza maswali ya pembeni. Anachotafuta ni muuzaji mwenye haraka, na mstaafu wa miezi minne haraka yake inasomeka usoni.